Uzi: Kupungua wengi tunaweza, kutorudisha kilo ndiyo shughuli

KambaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Mada za kupunguza uzito huwa nyingi, na karibu zote zinajibu swali moja: nitapungua vipi haraka? Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwanza kwa mwili wangu, kisha kwa kikundi cha watu ninaotembea nao alfajiri, na swali hilo limeshanitoka. Kupungua wengi wanaweza. Ukijinyima wiki tatu utapungua tu, hata kwa njia ya hovyo. Kazi iko mwaka wa pili, kilo zinaporudi na ndugu zao. Kwa hiyo kila ninachoandika hapa nimekipitisha kwenye swali moja: nitakuwa bado nakifanya miaka miwili ijayo? Kisichopita nakiacha, hata kiwe kinashusha kilo tano kwa wiki.

Tuanze na hizo kilo tano. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika maji kama gramu 3. Ukikata wanga ghafla, akiba inaisha na maji yanatoka. Mizani inashuka, mtu anapiga picha, anawatumia ndugu. Akila kawaida siku mbili zimerudi, anasema mwili wake umekataa. Haujakataa kitu, ni maji yalitoka yakarudi. Mafuta hayana haraka hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kila siku unategemea kama nusu kilo kwa wiki, tena mwanzoni tu, maana mwili mdogo unahitaji kidogo kuliko ule wa zamani. (Kalori ninayosema ni ile ya kwenye pakiti, yaani kilokalori. Wataalamu wa fizikia msinisulubu.)

Na mwili unajitetea. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa Marekani walichapisha habari za washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, waliopimwa tena miaka 6 baadaye. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa ikichoma kwa wastani kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Ndiyo maana siwapendi wanaowaambia watu "huna nidhamu". Mtu anashindana na mwili unaodhani kuna njaa.

Sasa jikoni, ambako ndiko kwenye mzigo wenyewe. Dada mmoja wa kikundi chetu aliapa kwamba hali kitu na bado hapungui. Mboga kila siku, nyama kidogo, soda hagusi. Siku moja tukamwambia amimine mafuta kwenye sufuria kama anavyomimina siku zote, asiwashe moto, kisha ayachote kwa kijiko cha chakula ayarudishe kwenye kikombe. Chota, mimina, chota, mimina. Alipofika kijiko cha tisa akaanza kucheka, na chini bado kulikuwa na ya kukwangua. Kijiko kimoja cha mafuta ni kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya zeituni au ya nazi. Vijiko tisa ni zaidi ya 1,000, kwenye sufuria ya watu watatu, kabla hata kitunguu hakijaingia. Chakula chake hakukibadilisha. Alibadilisha kipimo: vijiko vitatu, sufuria nzito yenye mfuniko, na maji kidogo kitunguu kikianza kushika chini. Bado anapika hivyo hivyo.

La pili ni vinywaji. Soda ya mililita 500 ina sukari gramu 50 na ushee. Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, au 25 kwa anayetaka kufanya vizuri zaidi. Chupa moja imemaliza hesabu ya siku nzima na tumbo halijui kama limekula. Juisi nayo imo kwenye hesabu hiyo, hata uliyokamua mwenyewe. Kula tunda.

La tatu, chakula cha kiwandani. Hall huyo huyo mwaka 2019 aliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili wakila vya kawaida. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka ashibe. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha.

Mazoezi nimeyaacha mwisho makusudi. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa nzima anachoma kalori 250 hadi 300. Soda na karanga za mkononi zinarudisha zote kabla jasho halijakauka. Anayetegemea mazoezi peke yake kupungua atakata tamaa. Lakini ukishapungua, mazoezi ndiyo mlinzi wa mlango. Na yana faida zake hata mizani isiposogea: mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye kiti. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Hizo za misuli watu wanazipuuza, halafu wanapoteza misuli pamoja na mafuta. Kuchuchumaa, pushapu za ukutani, kunyanyua dumu la maji, vyote vinatosha kuanzia.

Karibuni, ulizeni, bisheni.

Mpitanjia77

Naweka kambi hapa.

Sina_Haraka

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nabisha. Ofisini kuna jamaa anapiga sahani mbili na kuongeza, mwembamba kama ufito. Mimi nikinusa wali tu naongezeka. Hizi kalori ni hesabu za darasani. Unene ni damu, unazaliwa nao.

KambaMbili

Nusu ya hoja yako naikubali. Urithi una mkono mkubwa, hakuna ubishi. Ila angalia hili. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao kila siku kwa wiki 8. Wote kipimo kimoja. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo, na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4. Kilichowatofautisha zaidi ni mienendo midogo ya kutwa: kusimama, kuhangaika kwenye kiti, kutembea huku na huku. Wengine wakishiba, mwili wenyewe unawachangamsha bila wao kujua.

Huyo jamaa yako mchunguze siku moja. Je, anaongea na simu akiwa amekaa? Akitaka kitu anaagiza au anakifuata? Damu yake huwezi kuichukua, lakini kusimama unapopokea simu hakuna anayekukataza.

Sina_Haraka

Anaongea na simu akizunguka korido nzima. Sawa, hilo umenipata. La damu sijakuachia.

MzeeWaNgazi

Hamjambo vijana. Mimi nimeshavuka sitini, kilo zangu zimepita mia, na goti la kulia linalia. Daktari amesema sukari imekaa mpakani, haijawa kisukari kamili. Mnasema tembea, tembea, lakini goti halitaki. Nifanyeje?

DadaWaWodini

Shikamoo mzee. Nafanya kazi ya uuguzi, nitajibu kwa jumla, la goti lenyewe liangaliwe na aliyelishika kwa mikono.

Kwanza usiogope hiyo "mpakani", ni mahali pazuri pa kugeuzia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulihusisha watu zaidi ya 3,200 wenye sukari kama yako. Waliosaidiwa kubadili maisha walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 100, asilimia 7 ni kilo 7. Hakuna anayekudai urudi kilo za ujana.

Goti: kila kilo moja unayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Kwa hiyo anza kwenye sahani, goti litakushukuru kabla hujaanza hata kutembea. Huku ukisubiri, kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, kaa tena polepole. Ikiwa ngumu weka mto juu ya kiti, kimo kikiongezeka goti linakunjika kidogo. Fanya mara tano, pumzika, rudia. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyotoka mahali pake, ukiipata, au kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, ni nzuri sana kwa magoti. Maumivu yakizidi siku ya pili, punguza. Goti likivimba au likijifunga, rudi hospitali.

Na kama unatumia dawa yoyote ya kushusha sukari au presha, mwambie daktari kabla hujakata chakula. Uzito ukishuka na dawa ikabaki ile ile, sukari au presha inaweza kushuka kupita kiasi.

MzeeWaNgazi

Marahaba binti. La kiti nimelijaribu sasa hivi. Si mchezo.

FungaNishinde

Mnazunguka sana. Dawa ni kufunga. Kula ndani ya masaa 8, masaa 16 mdomo umefungwa. Nimepungua bila kuhesabu kalori wala kuchota mafuta kwa vijiko.

KambaMbili

Hongera, na kama inakufaa endelea. Ila iliyokupunguza si saa yenyewe, ni kwamba umeondoa mlo mmoja na vile vya usiku. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Guangzhou, China, watu 139 wenye unene, mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori, nusu wakala kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, nusu wakala muda wowote. Pande zote mbili walipungua, na tofauti kati yao haikuwa ya kuhesabika. Ni hivyo hivyo kwenye ule ugomvi wa wanga na mafuta: Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2018 waliwafuatilia watu 609 kwa miezi 12, kundi moja wakakata wanga, jingine wakakata mafuta. Wote walipungua kilo 5 hadi 6 kwa wastani, hakukuwa na mshindi.

Kwa hiyo chagua unayoiweza. Mimi asubuhi nisipokula nagombana na watu, hiyo yako kwangu haipiti.

ChaiYaKiuno

Wapendwa nina chai ya mitishamba ya siku 14, inayeyusha tumbo na mafuta ya mgongoni, haina madhara, asili tupu. Anayetaka anitafute pembeni.

DadaWaWodini

Hapana. Hapa nitakuwa mkali.

Nyingi za hizo chai zina majani ya mmea uitwao sana (senna), ambayo ni dawa ya kuharisha. Unapoteza maji, chumvi na choo. Mafuta yako palepale. Ukizoea, utumbo unaweza kusahau kazi yake. Na vidonge vinavyouzwa kama "asili tupu" vimekutwa mara nyingi vikiwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mtu ana presha, hajui anachomeza. Ukiona moyo unakwenda mbio, mdomo umekauka na usingizi umepotea baada ya kidonge cha "mitishamba", acha, na kipeleke hospitali pamoja na kopo lake.

Mpitanjia77

😂😂 Chai imemwagika.

MamaPacha

Na hizi sindano za kupunguza uzito za kila wiki zinazosemwa sana je? Halafu swali la pili: nanyonyesha, mtoto ana miezi minne, nataka tumbo liondoke. Nimeanza mazoezi ya kukunja tumbo kila asubuhi.

DadaWaWodini

Sindano kwa unayenyonyesha hapana, funga mjadala. Kwa wengine ni dawa ya kweli, ya kuandikiwa na daktari. Kwenye utafiti wa semaglutide, mojawapo ya sindano hizo, wa 2021 watu walipungua kwa wastani kama asilimia 15 ndani ya wiki 68. Lakini walioiacha walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Ndiyo yale yale anayosema mwanzisha uzi: kitu ukikiacha, kinaondoka na matokeo yake.

Kuhusu tumbo, kukunja hakuchomi mafuta ya tumbo. Kunajenga msuli ulio chini yake, mafuta yanatoka mwili mzima kwa mpango wa mwili wenyewe. Na kwako kuna jambo la kuangalia kwanza. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati ya tumbo usawa wa kitovu. Ukikuta bonde linaloingiza vidole viwili au zaidi, misuli imeachana. Hapo kukunja tumbo kunaweza kuongeza tatizo, muone mtaalamu wa viungo. Lisha mwili vizuri, maziwa yanakula kalori 330 hadi 500 kwa siku yenyewe. Tembea na mtoto. Kujinyima kwa nguvu sasa hivi si wakati wake.

JikoLaWatuSita

Mwanzisha uzi, mimi tatizo langu ni jingine. Napikia watu sita, watoto wanataka vya kukaanga, mume anataka wali ulioshiba mafuta. Siwezi kupika sufuria mbili. Na usingizi wangu masaa matano. Nimeanza mipango mingi, wiki ya pili ninaishia.

KambaMbili

Dada, usipike sufuria mbili. Pika moja, gawa tofauti. Sahani yako nusu iwe mboga, robo maharage, samaki, mayai au nyama, robo wali. Pakua mboga kwanza, kwa sababu ukianza na wali mboga haipati nafasi. Chakula kikiisha kupakuliwa, sufuria irudi jikoni, isikae katikati ya meza ikikutazama. Mafuta ya wali yapunguze polepole, kijiko kimoja kila baada ya wiki kadhaa. Ulimi wa mume wako hautashtuka. Na vile vinavyobaki kwenye sahani za watoto, unavyomalizia ukiwa umesimama, hivyo navyo ni mlo. Wengi hawavihesabu.

Kuishia wiki ya pili: pengine unaanza vitu vingi kwa pamoja. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja moja. Kwa mtu wa kati ilichukua siku 66 mpaka kitu kijiendeshe, lakini kuna wa siku 18 na kuna wa siku 254 kwa makadirio. Na kilichonifurahisha ni hiki: kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Kwa hiyo chagua kimoja, kifunge kwenye kitu unachokifanya tayari. Ukishawapeleka watoto shule usirudi moja kwa moja, zunguka dakika kumi. Hicho tu. Mafuta yaje baadaye.

Usingizi usiuchukulie kama jambo la pembeni. Ukilala kidogo, homoni ya njaa, ghrelini, inapanda, ya shibe, leptini, inashuka, na kesho yake mwili unadai vitamu. Ukipata hata nusu saa zaidi, ichukue, kuliko kuamka alfajiri kuruka kamba.

JikoLaWatuSita

La sahani za watoto umenigusa. Nitaanza na hilo la kuzunguka. Nipime uzito kila siku au nisipime? Mizani inanikatisha tamaa.

KambaMbili

Uzito wa siku moja unapanda na kushuka hata kilo mbili kwa chumvi, choo, hedhi na maji. Anayeweza kuangalia namba bila kuumia apime kila asubuhi na kulinganisha wastani wa wiki na wiki. Wewe pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kutoka msalani kabla ya chai. Wiki ya hedhi iruke.

Pamoja na mizani tumia futi ya cherehani. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako uko pazuri, yaani mwenye sentimita 160 alenge chini ya 80. Mara nyingi misuli ikiongezeka, futi inasogea mizani ikiwa imegoma.

JikoLaWatuSita

Kiuno napima wapi hasa? Pale sketi inapokaa?

DadaWaWodini

Hapana, sketi inadanganya. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, katikati yake ndipo futi inapopita. Simama wima, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Futi iguse ngozi bila kuibana, na iwe usawa mmoja mbele na nyuma. Mwombe mtoto mkubwa akuangalizie nyuma.